Mradi wa mwanafunzi wa mitindo kuhusu kazi ya ununuzi wa mavazi ya rejareja: namba ziko wapi?

Pindo (mwanzisha mada)

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mwanafunzi wa ubunifu wa mitindo, mwaka wa mwisho, na nimepewa mradi wa kuchunguza kazi moja ambayo mhitimu wa fani yetu anaweza kuifanya bila kuwa mbunifu. Nimechagua ununuzi wa rejareja, yaani kazi ya yule anayeamua ni mavazi gani yaingie dukani, kwa wingi gani na kwa bei gani. Mradi una sehemu tatu: maelezo ya kazi yenyewe, mahojiano na mtu anayeifanya, na mpango wa ununuzi wa msimu mmoja kwa duka la kubuni.

Mpaka sasa nina ubao wa picha wenye rangi na vitambaa vya msimu, orodha ya mavazi 24 ambayo ningependa kuyaona dukani, na kurasa kadhaa kuhusu maonyesho ya mitindo ya New York, London, Milan na Paris. Nimeandika pia juu ya Joan Burstein wa duka la Browns la London, ambaye mwaka 1984 alinunua mkusanyo wa mahafali (mavazi ya kumalizia masomo) wa mbunifu John Galliano na kuuweka kwenye dirisha la duka, kwa sababu kisa hicho ndicho kilichonivuta kwenye kazi hii. Msimamizi wangu ameisoma rasimu yote na kuandika pembeni swali moja tu: "Namba ziko wapi?"

Naomba msaada katika mambo mawili. Kwanza, ni namba zipi hasa ambazo mnunuzi huzifanyia kazi, na je, mtu ambaye hesabu hazikuwa somo lake anaweza kuzimudu? Pili, nikimpata mnunuzi wa kumhoji, nimuulize nini ambacho sitakipata vitabuni?

Hesabu za Msimu

Ndugu Pindo, msimamizi wako ameuliza swali ambalo mkuu yeyote wa idara ya ununuzi angeliuliza kabla hujamaliza kufungua kabrasha lako. Ladha ni sharti la kuingia katika kazi hii, lakini mshahara unalipwa kwa kujua nguo ngapi zinunuliwe na zifike lini. Orodha yako ya mavazi 24 haijawa mpango wa ununuzi mpaka kila vazi liwe na idadi, bei ya kununulia, bei ya kuuzia, tarehe ya kufika na tarehe ambayo unataka liwe limekwisha.

Chukua blauzi moja uichunguze. Tuseme inanunuliwa kwa 40 na kuuzwa kwa 100, na umeagiza vipande 600, kwa hiyo mtaji ulioingia ni 24,000. Zote zikiuzwa kwa bei kamili zitaleta 60,000, na faida ghafi, yaani mauzo ukitoa gharama ya kununulia, itakuwa asilimia 60 ya mauzo. Wanafunzi wengi huandika hivyo na kuishia hapo. Sasa tuseme 360 zimetoka kwa bei kamili, 150 zimengoja punguzo la asilimia 30, na 90 za mwisho zimeondoka kwa nusu bei. Mauzo yanakuwa 36,000, kisha 10,500, kisha 4,500, jumla 51,000. Faida ghafi imeshuka kutoka 36,000 iliyotarajiwa hadi 27,000, ambayo ni takriban asilimia 53 ya mauzo, na hapo bado hatujalipa pango, mishahara wala umeme.

Kazi ya mnunuzi inaanzia katika swali linalofuata: ingekuwaje kama angeagiza 450? Angetumia 18,000, angeuza zile 360 kwa bei kamili na 90 zilizobaki kwa punguzo la asilimia 30, akapata mauzo ya 42,300 na faida ghafi ya 24,300, yaani asilimia 57 na ushei. Asilimia inapendeza zaidi, lakini fedha zimepungua kwa 2,700. Basi je, zile 150 za ziada zilinunuliwa kimakosa? Zilichukua 6,000 na kuleta 8,700, kwa hiyo hazikutia hasara. Ila mtaji huo ulilala msimu mzima, wakati ungeweza kununua bidhaa nyingine ambayo labda ingetoka kwa bei kamili. Wakubwa wawili wa idara moja wanaweza kutofautiana juu ya jibu, na kila mmoja akawa na hoja. Ukiijadili hesabu hii kwa kurasa mbili utakuwa umeieleza kazi ya ununuzi kuliko utakavyoieleza kwa kurasa kumi za maonyesho ya Milan.

Namba nyingine utakazozihitaji si nyingi. Iko kasi ya kutoka, yaani vipande vilivyouzwa ukigawanya kwa vilivyopokelewa. Vipande 50 kati ya 200 katika wiki nne ni asilimia 25, na kama vazi limepangiwa wiki 12 dukani, hesabu inakuonya mapema kwamba kwa mwendo huo robo ya mzigo itabaki. Iko pia nafasi ya kununua, ambayo ndiyo pochi ya mnunuzi ya kila mwezi. Unachukua mauzo unayoyatarajia, unajumlisha mapunguzo ya bei uliyoyapanga pamoja na mzigo unaotaka uwepo mwisho wa mwezi, kisha unatoa mzigo ulionao mwanzoni na oda zilizokwisha kuwekwa ambazo zitafika mwezi huo. Tuseme, kwa thamani ya bei ya kuuzia, ni 80,000 na 8,000 na 120,000, jumla 208,000. Ukitoa 110,000 zilizoko ghalani na 58,000 zilizoko njiani, unabaki na 40,000. Ukikutana na koti la kuvutia ambalo oda yake ina thamani ya 45,000, koti hilo halina nafasi, hata liwe zuri namna gani, mpaka oda nyingine ipunguzwe au isogezwe mbele.

Umeona mwenyewe kwamba hizi ni hesabu za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Kinachowashinda watu ni kuzisoma kila Jumatatu asubuhi ripoti ya mauzo inapotoka, na kukubali kwamba vazi walilolipigania kikaoni halitoki.

Karani wa Sampuli

Nakubaliana na aliyetangulia, nami naongeza upande wa kazi za kila siku, kwa kuwa ni msaidizi wa mnunuzi katika kampuni ya mavazi ya wanawake. Sehemu kubwa ya siku yangu huishia kwenye lahajedwali, kwenye barua pepe za viwanda na kwenye reli ya sampuli ambazo kila moja lazima iwe na lebo ya namba ya vazi, tarehe ya kupokelewa na maelezo ya nini kilikataliwa. Maonyesho ya mitindo yapo, lakini anayeanza kazi huyaona zaidi kwenye picha, sawa na mtu mwingine yeyote.

Jambo ambalo rasimu yako haikulitaja, na ambalo kwa maoni yangu lingeipa uzito, ni mgawanyo wa saizi. Mnunuzi haagizi "magauni 600". Anaagiza magauni 600 katika uwiano fulani wa saizi, tuseme 1, 3, 4, 3, 1, ili kila duka lipokee vipande 12 kuanzia saizi ndogo kabisa hadi kubwa kabisa. Sasa gauni linaingia dukani, saizi tatu za katikati zinakwisha wiki ya pili, na mauzo yanashuka ghafla. Anayesoma jumla peke yake ataona kwamba bado upo mzigo na kwamba kasi imepungua, naye atashawishika kuweka punguzo. Ukweli ni kwamba wateja bado wanaliulizia, isipokuwa kilichobaki kwenye reli ni saizi za pembeni, na punguzo halitamfanya mtu aingie katika gauni lisilomtosha. Ripoti ya saizi ndiyo huwa ya kwanza kufunguliwa mezani kwetu kabla mtu hajatamka neno punguzo.

Kuhusu mahojiano, usimuulize mnunuzi anapata wapi msukumo, kwa sababu atakupa jibu alilokwisha kulizoea. Muulize ni bidhaa gani aliikataa ingawa aliipenda, na kwa sababu gani. Muulize pia nani ana neno la mwisho pale mnunuzi anapotaka vipande vingi zaidi na mpangaji wa bidhaa, ambaye ndiye mwenye bajeti, anapotaka vichache; jibu hutofautiana kutoka kampuni moja hadi nyingine, na ndilo litakaloonyesha mamlaka ya kazi hii yanaishia wapi. Akikuruhusu kuona karatasi ya oda iliyofutwa majina na bei, kubali haraka.

Ngazi za ajira si ngumu kuzieleza: msaidizi wa ofisi, msaidizi wa mnunuzi, mnunuzi mdogo, mnunuzi, kisha mnunuzi mwandamizi na mkuu wa ununuzi. Angalia tu kwamba vyeo havilingani kila mahali. Kazi ileile ya kupanga idadi na bajeti ina cheo kimoja Uingereza na kingine Marekani, hivyo soma majukumu yaliyomo kwenye tangazo kabla ya kuamini kichwa chake.

Kiwandani

Mimi niko upande wa pili wa meza, ninakopokea oda za wanunuzi, na ningependa mwanafunzi huyu ajue kwamba tarehe ni namba pia. Mpango wa ununuzi usio na kalenda hauwezi kutekelezwa. Anza na siku unayotaka vazi litundikwe dukani, kisha urudi nyuma: siku za ghalani, forodha, safari ya meli, ushonaji, kutia kitambaa rangi na kuidhinisha sampuli. Sampuli zenyewe ni za hatua kadhaa. Kuna ya kwanza ya kuonyesha wazo, kuna ya kupima jinsi vazi linavyokaa mwilini, na kuna ile ya mwisho inayotiwa muhuri kabla ya uzalishaji, ambayo kila upande hubaki na nakala yake ili mzigo ukifika usiwepo ubishi juu ya upana wa pindo au rangi ya uzi. Mnunuzi anayebadilisha kifungo baada ya muhuri huona amebadilisha kitu kidogo, kumbe vifungo vipya lazima viagizwe, vipimwe na kusubiriwa, na tarehe ya meli haijasogea.

Bei ya kununulia nayo uiangalie vizuri. Kiwanda kikikupa bei kwa masharti ya FOB, wajibu wetu unaishia mzigo unapopakiwa melini. Usafiri wa baharini, bima, ushuru na gharama za kuutoa bandarini ni vyako. Ile 40 ya blauzi iliyotajwa hapo juu lazima iwe gharama ya blauzi iliyokwisha kufika ghalani, la sivyo hesabu yote imejengwa juu ya bei ambayo hutaipata.

Tena msisahau kwamba maamuzi haya yanawafikia watu. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh, lililokuwa na viwanda kadhaa vya nguo, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku iliyotangulia, na wafanyakazi wakatakiwa kurudi kazini. Hakuna mnunuzi aliyeamuru hilo, lakini tarehe fupi na bei zinazobanwa kila msimu ni sehemu ya shinikizo ambalo viwanda hufanyia kazi. Mwaka 2020 makampuni mengi ya mavazi yalifuta oda ambazo kitambaa chake kilikuwa kimekwisha kukatwa, na viwanda vikabaki na mzigo pamoja na madeni. Mradi unaoieleza kazi hii bila kugusa upande huu utakuwa umeieleza nusu, na sidhani kwamba hilo ni suala la kuwekwa kwenye aya ya mwisho iitwayo "maadili". Liweke kwenye kalenda na kwenye bei, kwa kuwa humo ndimo linamoamuliwa.

Pindo

Nawashukuru sana wote watatu. Nimeamua kupunguza orodha kutoka mavazi 24 hadi sita, na kila moja nilipe idadi, mgawanyo wa saizi, gharama hadi ghalani na kalenda inayohesabu kurudi nyuma. Yamebaki maswali mawili madogo. Je, kisa cha Joan Burstein nikiondoe? Na nikiwa na duka la kubuni, makisio ya mauzo nitayatoa wapi?

Hesabu za Msimu

Kisa hicho kibakize, ila kiweke mahali pake. Mkusanyo wa mahafali una mavazi machache, na aliyeununua alikuwa mwenye duka anayeamua kwa fedha zake na jina lake. Mnunuzi wa kampuni yenye maduka mengi akifanya uamuzi wa namna hiyo anauzidisha kwa idadi ya maduka na saizi, kwa hiyo anaweza kujaribu mbunifu mpya katika maduka mawili matatu kwanza na kuongeza oda kama kiwanda kina muda wa kushona tena. Ukizilinganisha hali hizo mbili, kisa chako kitakuwa na kazi ya kufanya ndani ya mradi.

Makisio yatangaze kuwa makisio, na uyatoe katika hali tatu: vazi likitoka vizuri, likitoka wastani na likikwama. Kisha, kabla ya kuandika matokeo yoyote ya kubuni, andika utachukua hatua gani wiki ya nne kama kasi ya kutoka iko chini ya asilimia 25, na ni oda ipi ya mwezi unaofuata utakayoikata ili kulipia hatua hiyo. Katika mavazi sita, mawili yawe ya kawaida yanayouzwa kila msimu, kama blauzi nyeupe na suruali nyeusi, kwa kuwa hayo yanaweza kuagizwa tena bila hofu kubwa. Na koti la msimu liwe moja tu, likiwa na tarehe ya mwisho ya kuongeza oda iliyoandikwa wazi, maana baada ya tarehe hiyo mzigo utafika wakati wateja wamekwisha kuacha kuvaa makoti.