Naomba ushauri: moto wa kusafishia fedha, je, ni kila msiba?

Wapendwa, Bwana asifiwe. Naongoza kikundi cha kujifunza Biblia mtaani kwetu. Juma lililopita tulisoma Malaki 3:3, Mungu akiketi kama msafishaji wa fedha, akiwatakasa wana wa Lawi. Mama mmoja aliyefiwa na mwanawe akauliza, "Kwa hiyo mwanangu alikuwa takataka za kuchomwa?" Nilikosa la kusema, na hadi leo linaniuma.

Nimerudi kwenye Maandiko. Ezekieli 22 moto ni hasira juu ya Yerusalemu. Isaya 48:10 ni tanuru ya mateso. Yeremia 6:29 ndiyo imenishika zaidi: mivukuto inapuliza, risasi (ile metali, si ya bunduki) inateketea, lakini waovu hawatengwi. Wafua fedha wa kale waliyeyusha fedha pamoja na risasi, wakapuliza hewa, risasi ikabeba uchafu na fedha ikabaki. Kwa Yeremia kazi yote inakuwa bure, watu wanaitwa fedha iliyokataliwa. Basi hata moto wa nabii hausafishi kila mara!

Tena Hesabu 31:22-23, dhahabu, fedha, shaba, chuma, bati na risasi vinapitishwa motoni, na bado vinahitaji maji ya utakaso. Kwa nini moto hautoshi?

Mimi naona manabii walisema na taifa lililoasi, si na mama aliyefiwa. Je, nasoma sawasawa? Wenye ujuzi wa Kiebrania, na ninyi wachungaji mliowahi kuulizwa hivi, nisaidieni. Jumatano tunakutana naye tena.