Naombeni ushauri: Marekani iliingia Vita vya Pili vya Dunia lini hasa?

Habari za jioni wakuu. Nafundisha tuisheni ya historia huku Mbagala, kidato cha sita, na kuna swali limenikwamisha.

Nilichora mstari ubaoni. 1935, sheria ya kutoegemea upande. 1939, wanaopigana wakaruhusiwa kununua silaha, mradi walipe taslimu na kuzibeba wenyewe. Septemba 1940, Uingereza ikapewa manowari 50 kuukuu, Marekani ikapata maeneo ya kujenga kambi. Machi 1941, silaha za mkopo kwa Uingereza na wenzake. Oktoba, nyambizi ya Ujerumani ikaizamisha Reuben James, manowari ya Marekani, wakafa mabaharia wapatao 100. Shambulio la Japani kwenye kambi ya Marekani ya Pearl Harbor, 7 Desemba, nikalipigia mstari kwa chaki nyekundu.

Binti mmoja kule nyuma akauliza: "Sasa mwalimu, hapo katikati walikuwa hawajaingia?" Nikabaki na chaki mkononi. Nikamjibu kwamba vita ni mpaka itangazwe. Hakuridhika, na kusema kweli hata mimi sikuridhika.

Ninyi mngesema hatua ipi ndiyo iliyoua kutoegemea upande? Na kwenye insha, kuinyima Japani mafuta mwaka 1941 kuwekwe kama chanzo, au kama hatua mojawapo tu? Kipindi ni Jumamosi. Ahsanteni.