Sindano za sukari na kupunguza mwili: onyo la saratani lichukuliwe vipi?

Mfamasia_Pwani:
Habari wakuu. Kuna wateja wanaosoma mtandaoni onyo la Marekani kuhusu Ozempic na uvimbe wa tezi ya thairoidi, wanaacha sindano kimyakimya. Wengine wameambiwa sindano hiyohiyo inakinga saratani. Na wapo wanaomeza pioglitazoni, kidonge cha kisukari, miaka nenda rudi, hakuna aliyewahi kuwauliza habari za mkojo. Lipi limethibitika, na mgonjwa aulizwe nini kabla ya kuanza?

Daktari_Homoni:
Onyo hilo lilianzia kwa panya. Seli C za thairoidi yao zina vipokezi vingi vya GLP-1, homoni ya utumbo ambayo Ozempic na sindano za aina yake huiiga. Zikichochewa muda mrefu hutoa homoni ya kalsitonini kwa wingi, mwishowe huota uvimbe. Kwa binadamu vipokezi hivyo ni haba mno. Hata ukiamua kuogopa, hofu ni ya aina moja iliyo nadra: saratani ya medula ya thairoidi, inayoanzia kwenye seli hizo C.

Utafiti wa Denmark, Norway na Sweden wa 2024, wenye watumiaji wa sindano hizi wapatao 145,000, haukuona ongezeko kubwa la saratani ya thairoidi. Lakini ufuatiliaji wake ulikuwa kama miaka 4 tu, na saratani hujitokeza polepole. Utafiti wa Ufaransa uliotangulia ulikuta ongezeko, ila anayeanza dawa mpya huchunguzwa zaidi, na vivimbe vidogo vilivyokuwepo siku zote huonekana.

Swali la lazima: wewe, mzazi, ndugu au mtoto wako aliwahi kupata saratani ya medula, au MEN 2, ugonjwa wa kurithi unaoleta uvimbe kwenye tezi za homoni? Akijibu ndiyo, usimpe. Goita ya kawaida si kizuizi. Uvimbe mpya shingoni, sauti kukwaruza bila kupona au chakula kukwama kooni, apigwe ultrasaundi.

Mtakwimu:
Kuhusu "inakinga", muulize anayesema: ukilinganisha na nini? Uchambuzi wa Marekani wa 2024, wagonjwa zaidi ya milioni 1.6 wa kisukari aina ya 2, ulikuta hatari imepungua kwa saratani 10 kati ya 13 zinazohusishwa na unene. Hapo watumiaji wa sindano za GLP-1 walilinganishwa na watumiaji wa insulini, ambao mara nyingi ugonjwa wao umeshakomaa. Walipolinganishwa na wa metfomini, kidonge cha kawaida cha kisukari, nafuu ilitoweka, na saratani ya figo ikaonekana kuzidi.

Metfomini yenyewe ilisifiwa hivyohivyo. Jaribio la MA.32 likawapa wanawake wenye saratani ya matiti miligramu 850 mara mbili kwa siku, miaka 5. Haikuzuia saratani kurudi.

Muuguzi_Kliniki:
Mimi naona pioglitazoni ndiyo inayosahaulika. Ufaransa iliisimamisha 2011 kwa sababu ya saratani ya kibofu cha mkojo. Asipewe mwenye saratani hiyo, aliyewahi kuipata, wala anayekojoa damu ambayo chanzo chake hakijajulikana. Muulize pia kama anavuta sigara. Miezi 3 hadi 6 baada ya kuanza, sukari isiposhuka vya kutosha, aachishwe.

Kwa wa Pwani na Kanda ya Ziwa kuna mtego: damu kwenye mkojo huitwa kichocho, anapewa prazikwanteli, basi. Kichocho cha mkojo chenyewe huleta saratani ya kibofu. Mtibu, kisha pima mkojo tena. Damu ikiendelea, aende akaangaliwe kibofu kwa kamera.

Daktari_Homoni:
Nyongeza kwa mfamasia: mtu akiwa kwenye sindano, kukonda hakumshtui yeyote. Andika uzito kila mwezi pamoja na dozi. Anayezidi kukonda ilhali hamu ya kula imerudi, au dozi imesimamishwa, atafutiwe sababu. Na kisukari kilichoanza ghafla baada ya miaka 50 huku mtu anakonda, hasa akiwa na maumivu ya mgongo au macho ya njano, kongosho lichunguzwe kwa CT kabla ya kufikiria sindano. Saratani ya kongosho ikija kugundulika baadaye, sindano ndiyo italaumiwa, wakati saratani ilitangulia.