Canter inachemsha mlimani: nifungue hedi kweli?

Dereva wa Viazi
Ndugu zangu, naomba ushauri kabla pesa haijaliwa. Nina Canter ya dizeli, nabeba viazi kutoka Kisoro hadi Kampala. Wiki tatu sasa, nikipanda Kanaba na mzigo, mshale wa joto unagusa nyekundu na maji yanakimbilia kwenye kibuyu, ile chupa ya maji ya akiba, hadi kinafurika. Nikifika Mbarara, barabara tambarare, inatulia kabisa. Fundi wangu anasema nitoe thamostati (valvu inayofunguka kwa joto kupitisha maji ya kupoza) nitupe, ikishindikana tufungue hedi, yaani kichwa cha injini, tubadilishe gasketi inayokiziba. Gari hii ndiyo karo ya watoto wangu. Nianzie wapi?

Fundi wa Katwe
Kaka, hedi iache kwanza. Asubuhi injini ikiwa baridi, fungua rejeta, sanduku la kupozea maji ya injini, jaza maji hadi mdomoni, mtu awashe, wewe tazama maji. Yakitoa mapovu mfululizo, gesi ya silinda inapenya, fundi wako ana hoja. Chomoa na kijiti cha oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, hapo pia ni gasketi. Usifungue rejeta ikiwa moto, hata kwa kitambaa. Kijana wangu wa gereji aliungua kifua kizima mbele ya macho yangu.

Hii habari ya kutupa thamostati inaniuma sana. Bila hiyo injini inatembea baridi, dizeli haiungui vizuri, na kuna injini ambazo maji hupita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta, kwa hiyo unazidisha joto. Itoe, itumbukize kwenye sufuria ya maji, weka jikoni. Nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Maji yakichemka nayo bado imefunga, nunua mpya.

Spea Kisekka
Mfuniko wa rejeta ulibadilisha lini? Huko Kabale, mita 2,000 hivi, maji ya sufuriani yanachemka kwenye nyuzi 93 tu. Ndani ya rejeta yanavumilia zaidi ya 100 kwa sababu mfuniko unabana msukumo. Raba ikikauka au springi ikilegea, msukumo unatoroka na maji yanakimbilia kwenye kibuyu, vilevile unavyoeleza. Soma namba iliyo juu yake, 0.9 au 1.1, ununue ileile. Ukipandisha namba, mipira ya maji inaweza kupasuka.

Mama Hiace
Yangu ilikuwa uchafu. Kwa mbele rejeta inang'aa, kumbe katikati ya mapezi kumeganda vumbi na wadudu. Pitisha maji kutoka upande wa injini, taratibu, mapezi yasilale. Feni nayo: zima injini ikiwa moto, izungushe kwa mkono. Ikizunguka bure bila kukaza, klachi yake, inayoikaza injini ikipata moto, imekufa.

Dereva wa Viazi
Mungu awabariki. Leo alfajiri nimefanya yote. Mapovu hakuna, oili safi, feni inakaza, thamostati imefunguka sufuriani mke wangu akishuhudia. Ila mfuniko! Raba nimeigusa kwa ukucha ikameguka kama biskuti. Na rejeta imetoa tope jekundu, ndoo mbili. Nikiweka mfuniko mpya, kulanti, ile dawa ya rejeta, naongeza juu ya maji yaliyomo? Nimekuwa nikijaza ya mtoni.

Fundi wa Katwe
Hapana, mwaga yote. Suuza hadi yatoke masafi, maana ya mtoni yameacha tope na kutu humo ndani. Kisha weka kulanti na maji safi, nusu kwa nusu, hita ikiwa wazi hewa itoke. Safari ya kwanza punguza magunia, panda kwa gia ya chini. Mshale ukianza kupanda na maji bado yamo, simama pembeni, acha injini iungurume polepole dakika mbili tatu, usiizime ghafla.

Dereva wa Viazi
Sawa mzee wangu. Mfuniko wa 0.9 nimeagiza, unakuja na basi la usiku. Alhamisi napakia magunia nusu.