Naomba ushauri: bushi za Defender 110, mpira au poliyurethani?

Wakuu habari za kazi. Nina Land Rover Defender 110 ya injini ya dizeli ya 300Tdi, inapiga Mto wa Mbu hadi Ngaresero karibu kila wiki. Ile barabara ya mawe mnaijua wenyewe.

Usukani umeanza kucheza, na nikikanyaga breki mbele panagonga "ko!". Nimelala chini ya gari na mtaimbo: bushi (vile vipande vya mpira vya kwenye maungio) za radius arm, ile mikono inayoshika eksoli ya mbele kwenye chasisi, zimechanika upande wa eksoli, na ya Panhard, fimbo inayozuia eksoli isiende pembeni, imebaki uji.

Hizo zina miezi minne tu! Fundi alichoma za zamani kwa moto, akapigilia mpya kwa nyundo, akakaza bolti gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Nimekuja kuambiwa za mpira hukazwa matairi yakiwa chini na gari limebeba uzito wake, la sivyo mpira unabaki umejikunja muda wote. Hela imekwenda.

Sasa nirudie mpira orijino, nitafute mwenye presi (mashine ya kusukumia bushi bila nyundo), au niweke poliyurethani, zile za plastiki ngumu? Zile naweza kuzisukuma mwenyewe kwa jiliwa, ila nahofia zitakuwa ngumu eksoli inapopinda kwenye makorongo. Aliyezitumia kwenye vumbi, zilidumu? Mlipaka grisi gani?

Na kwa Arusha, presi naipata wapi?