Slabu ya ghorofa moja: mbao, marini bodi au fomu za chuma?

Mjenzi wa Kitunda: Habari wakuu. Nasimamia ghorofa moja, slabu (sakafu ya zege ya juu) ya mita za mraba 100, unene sentimita 15. Kwa fomu, yaani kalibu ya kushikilia zege hadi ligande, fundi anataka mbao za inchi 1x8, jirani ananiambia marini bodi (plaiwudi ngumu isiyopenya maji), na kuna anayekodisha fomu za chuma. Nishike lipi?

Seremala Mafinga: Kwa nyumba moja, mbao mkuu. Zile 2x2 na 2x4 zikitoka chini ya slabu zinapanda kwenye kenchi, hakuna hasara. Zimwagie maji kabla ya zege, zivimbe zizibe nafasi.

Mhandisi Moro: Nafasi hazizibi zote. Mbao za inchi 8 zina kiungo kila sentimita 20, na hapo ndipo uji wa saruji unapochuruzika, kokoto zinabaki wazi, nondo inashika kutu. Lipu inaficha tu. Marini bodi ya milimita 18, futi 8 kwa 4, inafunika karibu mita 3 za mraba bila kiungo. Ikipakwa rangi kwenye kingo, hata mara 10 unaitumia. Chuma kinamfaa anayerudia nguzo za kipimo kilekile, nyumba baada ya nyumba. Oili pakeni kabla ya kusuka nondo, isiziguse.

Mama Saiti: Mnabishana juu ya uso, mimi naogopa miguu. Hiyo slabu ni mita za ujazo 15, kama tani 36, bado watu na toroli! Mirunda (miti ya kuegemeza fomu) iliyopinda, imesimama kwenye kifusi cha juzi, mvua ikipiga usiku inadidimia. Kila mrunda uwekewe kibao kipana chini, na yote ifungwe mshazari pande mbili. Ukiwa na hela ya kukodi kitu kimoja tu, kodi jeki za chuma za kusimama badala ya mirunda. Unazungusha, inapanda hadi ikamate, hakuna kuchomeka vipande vya mbao.

Mjenzi wa Kitunda: Asante dada, jeki nakodi. Fundi anasema tutoe fomu na jeki zote siku ya 7 baada ya kumwaga zege?

Mhandisi Moro: Hapana. Mbao za ubavuni mwa nguzo na bimu (boriti za zege) toa hata kesho yake. Jeki za slabu ziache siku 14, za chini ya bimu 21, na zege limwagiliwe wiki nzima ya kwanza. Anzeni kutoa katikati ya chumba mkielekea ukutani. Mkianza pembeni, slabu inabaki imeegemea jeki ya katikati na kupasuka juu, mahali pasipo na nondo. Kwa baraza lililoning'inia ni kinyume: anzeni nchani, mrudi ukutani.