Spekulamu za plastiki: dakika chache kazini, kisha motoni, na otoklevu ya kutakasa vifaa kwa mvuke ipo chumba cha pili

Wakuu, hili jambo limenichosha. Uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi unaokoa maisha, na asitokee mtu wa kuukwepa kwa kisingizio cha uzi huu. Kinachoniudhi ni taka tunazozalisha bila sababu yoyote ya kitabibu.

Kila mama anayepimwa anaacha nyuma spekulamu ya plastiki (kifaa cha kufungulia uke ili mlango wa kizazi uonekane), glavu, karatasi ya kitanda, pamba na vifungashio. Vyote, hata kifungashio ambacho hakijamgusa mtu, vinasukumwa kwenye mfuko mmoja wa taka zenye maambukizi. WHO inasema takriban 85% ya taka za huduma za afya si hatarishi! Ukishazichanganya na zile 15%, umezifanya zote kuwa hatarishi.

Halafu zinachomwa wapi? Kichomeo cha maana kina vyumba viwili, cha kwanza kikifika nyuzi 850 na cha pili 1100, ili moshi wenyewe uungue. Pipa lililotobolewa halifiki huko. Spekulamu ya polistirini inatoa masizi meusi, lakini glavu za vinili ni mbaya zaidi: zina klorini ndani yake, na klorini kwenye moto hafifu huzaa dioksini, kemikali zenye sumu kali.

Msituambie plastiki ndiyo usalama. Spekulamu ya chuma cha pua ikitunzwa hurudi kazini mamia ya mara. Ikitoka tu kwa mgonjwa, usiiache ikauke. Isuuze kwa maji ya baridi, kwa sababu maji ya moto yanagandisha protini juu ya chuma. Legeza skrubu, fungua bawaba, sugua kwa brashi na sabuni ya vimeng'enya. Ute hujificha pale kwenye bawaba, na mvuke haupenyi uchafu. Suuza, kausha, funga, weka otoklevu nyuzi 121 kwa dakika 30 kuanzia joto linapofika, si kuanzia unapobonyeza kitufe. Pakiti ikitoka imelowa, hiyo si safi tena, irudie.

Mnaolalamika kwamba vyuma vinapata kutu upesi, angalieni ndoo ya klorini mnamolaza vifaa kabla ya kuviosha. Klorini inakichimba chuma vishimo vidogo vidogo, na kuloweka huko hakuchukui nafasi ya kusugua. Tena msiwashe otoklevu kwa spekulamu mbili. Umeme na maji ni yale yale, subirini ijae.

Kubwa kuliko yote ni kupima kusikohitajika. Kwa kipimo cha DNA ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hii, mwongozo wa WHO wa 2021 unataka mwanamke kuanzia miaka 30 arudie kila baada ya miaka 5 hadi 10. Anayeishi na VVU aanze akiwa na 25, arudie kila miaka 3 hadi 5. Kwa nini basi mwenye majibu hasi anaitwa kila mwaka? Na sampuli ya HPV mwanamke anaweza kujichukulia mwenyewe kwa kijiti kimoja, bila spekulamu kabisa.

Wa manunuzi mliomo humu, jibuni: mnapolinganisha bei ya katoni ya plastiki na ya chuma, gharama ya kuichoma hiyo katoni mnaiandika safu ipi?